Jiwe Zito Chini ya Shamba

Mwezi wa Januari 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba madini ya koltani yameonekana katika kaunti kadhaa, na Embu ni mojawapo. Koltani mara nyingi huwa na uraniamu kidogo ndani yake, hivyo yafaa kujua habari zake.

Katanga, katika Kongo, ni nchi ya wafua shaba tangu kale. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aliona huko Shinkolobwe mawe ya rangi za kupendeza. Kumbe yalikuwa na uraniamu. Wenye machimbo walitaka radiamu tu, na uraniamu ilidharauliwa. Lakini mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 zilipelekwa New York kwa siri, na Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketea kwa bomu ambalo uraniamu yake nyingi ilitoka Shinkolobwe. Mwaka 2004 machimbo yaliporomoka yakaua wachimbaji wadogo.

Uraniamu hainuki wala haichomi mkono. Mtafutaji huitambua kwa chombo kinacholia ta-ta-ta. Vumbi lake likivutwa miaka mingi huharibu mapafu. Basi ukiona jiwe jeusi, zito kupita kiasi, usilitwange wala usililaze chumbani mwa watoto. Mwarifu afisa wa madini.

Kwa sheria ya mwaka 2016, madini ni mali ya Jamhuri. Hata hivyo mtafutaji haingii shamba la mtu bila idhini ya mwenyewe, na katika kila shilingi 100 za mrabaha, 10 ni za wenyeji.