Fedha ya Kodi Iliyozidi
Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Umoja, Wingwi



Katika siku kama ya leo desturi ni Katibu kusimama akayahesabu mema: ghala, mizani, kamba zilizogaiwa, mwani uliosafirishwa. Hayo yamo katika kurasa nyengine za kitabu hiki, na picha zake zimo. Sisi wa afisi tumeiomba Kamati ruhusa ya kusema jambo moja ambalo halikupigwa picha. Nalo ni fedha yetu ya kodi iliyozidi, namna ilivyokawia kurudi zaidi ya miaka miwili, na maneno yaliyosemwa majumbani na dikoni kwa ajili yake.

Maneno hayo twayajua. Ilisemwa kuwa fedha imeliwa. Ilisemwa kuwa Katibu ameijengea nyumba. (Nyumba hiyo wapitao njia ya Mjananza huiona kila siku, na upande wake mmoja ungali wa makuti.) Hatuwalaumu waliosema. Mtu aliyekosa kamba kwa misimu miwili, akaambiwa kuwa fedha ya kamba iko kwenye kodi, ana haki ya kuuliza ni kodi gani hiyo isiyorudi.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini Umoja hulipa kodi ilhali vyama vyenu vya vijijini havikuwahi kuitwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imetoa msamaha kwa chama cha msingi cha ushirika, tena kwa masharti, mojawapo likiwa ukomo wa mauzo kwa mwaka. Umoja ni muungano wa vyama. Si chama cha msingi. Faida yake hutozwa asilimia 30 kama ya shirika jengine lolote.

Kodi hiyo haingoji mwisho wa mwaka. Mwaka unapoanza, mlipaji hutoa makadirio ya faida anayoitarajia, na kodi yake huilipa kwa mafungu manne, moja kila miezi mitatu. Mwaka ukisha, hupewa miezi sita apeleke hesabu za kweli. Tuchukue mfano wa tarakimu nyepesi. Ukikadiria faida ya shilingi 10,000,000, kodi ni 3,000,000, na kila fungu ni 750,000. Hesabu za kweli zikionesha faida ya 4,000,000, kodi iliyokupasa ni 1,200,000 tu. Umelipa 1,800,000 zaidi, na hiyo ni mali yako.

Hivyo ndivyo ilivyotufika katika mwaka wetu wa sita. Akina mama wa pwani hawana haja ya kukumbushwa mwaka ule. Maji yalipata joto, mwani ukapauka na kukatika kambani, na kotonii, ambayo ndiyo yenye bei, ikaumia kuliko spinosumu. Bamvua likaja, bamvua likapita, watu wakarudi na kamba tupu. Basi mtu tuliyemwajiri kututengenezea hesabu za kodi alikuwa amenakili makadirio ya mwaka uliotangulia, tarakimu kwa tarakimu, bila ya kutuuliza. Sheria inamruhusu mlipaji kurekebisha makadirio mwaka ukiwa katikati. Hakutwambia. Nasi, tulitaje hili wazi, tulitia saini bila ya kusoma. Mbele ya sheria hesabu ni za mlipaji, awe ameziandika nani.

Mtu yule hatutamtaja jina. Alikuja akiwa na mkoba na maneno matamu, na hakuna aliyemuomba atuoneshe cheti cha kusajiliwa kuwa mshauri wa kodi. Hatukuandikiana naye mkataba. Ujira wake tulimlipa wote siku ya kwanza.

Tulipodai fedha iliyozidi, barua yake ya kwanza aliipeleka nyumba isiyokuwa yake. Sisi Wazanzibari tuna nyumba mbili za kodi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kodi ya ongezeko la thamani ya hapa kwetu ni ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo hadi mwaka 2022 ilikuwa ikiitwa Bodi. Mkulima anaweza kusamehewa kutoijua tofauti hiyo. Mwenye kula ujira kwa kazi hiyo hasamehewi.

Barua ya pili ilifika panapohusika, nasi tukakaa kungoja. Tulingoja mwaka, tukingia wa pili, tukiilaumu afisi ya kodi katika kila kikao. Hatimaye Mshika Fedha na Katibu wakapanda gari hadi Chake Chake kuuliza. Karani wa dirishani akageuza kioo cha kompyuta ili tujisomee wenyewe. Majibu yalikuwa yametoka zamani, si mara moja. Walitaka stakabadhi za malipo, na hati za kodi ya zuio, yaani ile asilimia 10 ambayo mpangaji wa ghala letu alikuwa akiikata katika kodi ya pango na kuipeleka serikalini kwa jina letu. Majibu yote hayo yalikwenda kwenye barua pepe na simu ya mkononi ya yule mtengenezaji. Alipotusajili katika mtandao aliandika anwani yake, namba yake, na neno la siri alilijua yeye pekee. Naye wakati huo alikwisha hama kisiwa.

Baya zaidi, mlikuwamo pia tathmini ya kodi ya mwaka mwengine. Asiyekubaliana na tathmini ana siku 30 za kuipinga. Siku 30 zetu zilimalizikia ndani ya simu ya mtu mwengine.

Tulipompata, alisema stakabadhi zetu anazo, ila atazitoa kwa robo ya fedha itakayorudi. Kamati iligawanyika. Wako waliosema tumpe, robo tatu ya kitu ni bora kuliko kitu kizima kisichoonekana, na hawakuwa wajinga kusema hivyo. Wengi walikataa. Ikatubidi tuzitafute upya karatasi zetu wenyewe: nakala za malipo benki, nakala za hati za zuio kwa mpangaji. Kazi hiyo ilichukua miezi minane. Hati za mwaka mmoja hatukuzipata kabisa, kwani mpangaji wa mwanzo alikwisha funga biashara. Sehemu ile imepotea, na twakiri. Katika iliyobaki, sheria huanza kufidia deni la kodi ikiwa lipo, ndipo ziada irudishwe. Ile tathmini tuliyoshindwa kuipinga ikala fungu lake. Kilichosalia ndicho kilichoingia benki.

Tangu hapo wako wanachama wasemao tusimwajiri tena mtu wa hesabu. Hatukubaliani nao. Kazi hii ina ujuzi wake, kama kuunda ngarawa. Ila sasa neno la siri linakaa afisini, simu iliyosajiliwa ni ya Umoja, nusu ya ujira hulipwa baada ya hesabu kupokewa, na stakabadhi za asili hazitoki katika kabati letu. Sheria yataka zihifadhiwe miaka 5. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, lakini tulimpa mtu aende nalo. Na ikitokea kweli afisi ikakawia, mwaka 2019 sheria iliweka Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, na mlango wake twaujua.

Fedha iliyorudi imo katika akaunti, haijaguswa. Kamati yapendekeza inunue kamba na taitai kwa wale waliokosa misimu ile miwili, kabla ya mtu mwengine yeyote. Karatasi ya benki iko mezani kwa Mshika Fedha. Mwenye kutaka kuiona na aje aione sasa, kisha tupige kura.