Taa, Ua na Usiku: Mwanga wa Mimea ya Maua Ndani ya Nyumba



Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Profesa, ninunue taa ya rangi gani ili maua yangu yachanue?" Anayeuliza huwa ameshaziona zile taa za rangi ya waridi na zambarau, ameshasoma kwenye boksi kwamba zina "spektra kamili", na kilichobaki ni kutaka baraka yangu tu. Jioni ya leo nitajitahidi kuwashawishi kwamba rangi inatanguliwa na maswali mawili mazito zaidi. Mmea huu unahitaji mwanga kiasi gani kwa siku nzima? Na je, unaupima usiku, au hauujali? Nauliza hivyo kwa sababu mwanga una kazi mbili kwa mmea. Kwanza ndio nguvu ya kutengenezea chakula. Pili ni habari: unauambia mmea ni majira gani, kuna kivuli au hakuna, ni wakati wa kuota majani au wa kutoa maua. Kazi hizi mbili zinatofautiana sana kwa kiasi cha mwanga zinachodai, na watu wengi hupoteza pesa kwa kutozitenganisha.

Nianze na mmea ambao ni wetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Tanga, alikuta Usambara kijimea chenye majani ya manyoya na maua ya urujuani, na kupitia kwa baba yake kikafika Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akakieleza kisayansi na kukiita Saintpaulia ionantha. Siku hizi wanabotania wamekihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, ila jina la saintpaulia halijabanduka midomoni mwa watu. Leo kipo madirishani Ulaya, Marekani na Japani. Wapenzi wake wa Marekani wana chama chao tangu mwaka 1946, na wengi wao hawakiweki dirishani hata kidogo. Wanakikuza kwenye rafu zenye taa, zamani tyubulaiti, sasa LED. Inanisikitisha kwamba mmea uliotoka kwenye miamba ya Tanga unajulikana zaidi na mstaafu wa huko Ohio kuliko na mwanafunzi wa botania wa hapa nchini.

Ukienda misitu ya Usambara Mashariki utakiona kimejishikiza kwenye mwamba wenye kuvumwani, karibu na kijito, chini ya miti mikubwa. Mwanga unaofika hapo ni sehemu ndogo ya ule unaopiga vilele vya miti. Umbo lake lote linasema hivyo: majani mapana, yamelala bapa, yamejipanga duara ili jani moja lisimzibe mwenziwe. Jambo jingine muhimu, na wanafunzi naomba mlishike: saintpaulia haiujali urefu wa usiku. Ikishiba mwanga, inachanua, uwe mwezi wa Januari au wa Julai. Kwa mmea huu, basi, swali la pili linafutika na tunabaki na hesabu ya shibe.

Tuifanye hesabu hiyo. Mwanga huja kwa chembechembe ziitwazo fotoni, na jani hufanya usanisinuru kwa kupokea fotoni moja moja. Ndiyo maana sisi wa fani hii hatupimi taa za mimea kwa wati. Tunahesabu mikromoli za fotoni zinazoangukia mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Jua la saa 6 mchana, mbingu ikiwa wazi, hutoa takribani 2,000. Sebuleni, mita mbili au tatu kutoka dirishani, mara nyingi hupati hata 20, na bado chumba unakiona kina mwanga tele, kwa kuwa mboni hujipanua bila kukuambia. Jicho ni shahidi mbaya katika kesi hii.

Hata hiyo namba ya sekunde moja haitoshi. Mkulima hasemi mvua ilinyesha kwa nguvu kiasi gani. Anataka kujua zimeingia milimita ngapi kwenye ardhi. Kwa mwanga ni hivyo hivyo: manyunyu ya kutwa yanaweza kushinda dhoruba ya nusu saa. Saintpaulia iliyowekewa mikromoli 150 kwa saa 12 hupokea 150 mara sekunde 43,200, yaani takribani moli 6.5 kwa siku. Kiasi hicho kinaitosha vizuri kuchanua. Nje, kwenye jua la tropiki, siku isiyo na mawingu huweza kupita moli 40. Sasa mtaelewa kwa nini ukiitoa nje "ipate jua" inaungua.

Mmea wenyewe utakuambia kama umekosea. Chukua chungu ukitazame kwa usawa wa macho. Vikonyo vikirefuka na majani yakainuka juu kama yanaomba, mwanga haujatosha, na hapo usitegemee ua. Majani ya katikati yakibanana, yakapauka, na yale ya nje yakajikunja kukumbatia chungu, umezidisha. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi pana, na ishara huonekana kwenye majani mapya, hivyo subiri wiki tatu hivi kabla ya kuisogeza taa tena.

Kipima-mwanga cha kitaalamu ni ghali. Simu ya mkononi yenye programu ya kupima luksi itakufikisha karibu, ilimradi taa yako iwe nyeupe. Weka karatasi mahali pa majani, pima, kisha gawanya kwa 70. Luksi 10,000 chini ya LED nyeupe ni takribani mikromoli 140. Kwa jua gawanya kwa 54. Kwa taa za zambarau acha kabisa, maana luksi imetengenezwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi kijani na karibu halioni ncha za buluu na nyekundu ambako taa hizo zimerundika nguvu zao zote.

Na umeme je? Taa nzuri ya LED ya leo hutoa mikromoli 2.5 au zaidi kwa kila juli. Kuangaza mita moja ya mraba kwa mikromoli 150 kunahitaji basi wati 60, tukichukulia mwanga wote unaangukia majani. Kwa saa 12 ni uniti 0.72 kwa siku, karibu uniti 22 kwa mwezi, na vyungu 25 vya saintpaulia vitaenea hapo. Anayenunua umeme wa LUKU apige hesabu hiyo kabla hajaenda dukani. Asiamini "1000 W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Ageuze kifaa na asome kibandiko cha nyuma, maana taa nyingi za namna hiyo hazili hata robo ya umeme huo.

Sasa rangi, mliyoisubiri. Taa za zambarau zina mantiki yake. Klorofili ikiyeyushwa kwenye chupa ya maabara hufyonza buluu na nyekundu na kuiacha kijani ipite. Watu wakasema, basi tuipe mimea buluu na nyekundu tu. Lakini jani zima si chupa. Mwaka 1972 K. J. McCree, akifanya kazi Texas, alichapisha vipimo vya majani ya aina 22 za mimea, wimbi kwa wimbi, na ikaonekana kijani inafanya kazi kubwa kuliko tulivyofikiri. Mwaka 2009 Ichiro Terashima na wenzake wa Japani wakaonyesha kwa alizeti kwamba, mwanga mweupe ukiwa mkali, kijani ya ziada huzaa kuliko nyekundu ya ziada, kwa sababu inapenya hadi kwenye seli za ndani ya jani ambako nyekundu haifiki.

Buluu isikosekane. Mimea iliyokuzwa kwa nyekundu peke yake mara nyingi hurefuka na majani yake hujikunja. Ila haihitajiki nyingi. Asilimia 10 hadi 20 hutosha kuufanya mmea ukae imara na mfupi. Na hapa kuna habari njema. LED nyekundu inayoonekana ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini LED ya buluu yenye mwanga mkali ilichelewa hadi miaka ya 1990, na kazi hiyo iliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe ya kawaida ni hiyo hiyo ya buluu iliyopakwa unga wa fosfa. Kwa hiyo kila taa nyeupe unayonunua dukani tayari imebeba buluu yake. Kwa rafu ya maua nyumbani mimi nachagua nyeupe ya kati, ya kelvini 3,500 au 4,000. Maua yanaonekana kwa rangi yao halisi, na ukungu au wadudu utawaona mapema. Chini ya taa ya zambarau hutawaona hadi wameshaharibu.

Nimesema mwanga ni habari pia. Mwaka 1920 W. W. Garner na H. A. Allard, Wamarekani, walichapisha jinsi tumbaku moja, iliyokuwa ikirefuka tu majira yote ya joto bila kutoa ua, ilivyochanua ilipoingizwa kibandani gizani alasiri na kufupishiwa siku. Baadaye ikagundulika kwamba mimea ya namna hii hupima urefu wa giza, na kwamba kipimo ni rangi ya asili iitwayo fitokromu: nyekundu ya nanomita 660 huiwasha, nyekundu ya mbali ya nanomita 730 huizima.

Sisi wa ikweta tuna usiku wa saa 12 hivi mwaka mzima, na krisanthemamu huanza kutengeneza ua ikipata usiku wa namna hiyo. Mashamba ya Kenya na Uganda yanayouza vipandikizi vyake nje ya nchi hayataki ua, yanataka machipukizi. Ndiyo maana ukipita usiku utaona vitalu vimewaka. Usiku unakatwa katikati, tuseme kati ya saa 4 na saa 8, ili mmea usione giza refu. Haiperikamu ya Kenya, ile yenye vitunda vyekundu kwenye mashada, huwekewa taa kwa sababu ya kinyume: hiyo inataka siku ndefu ndipo itoe ua. Katika kazi hizi zote mbili mikromoli moja au mbili zinatosha. Linganisheni na zile 150 za chakula.

Tafsiri yake nyumbani ni nzito. Kalankoe uliyoinunua ikiwa na maua, ukaiweka sebuleni ambako taa na televisheni huwaka hadi saa 5 usiku, haitachanua tena, hata uongeze taa ya bei gani. Ukiiwekea LED kwa saa 18 "ishibe", utapata kichaka kizuri cha majani. Ifunike kwa boksi lisilopitisha mwanga kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi kwa wiki sita hivi, na mchana uipe mwanga mkali. Poinsetia ni vivyo hivyo. Wengi mmeona uzio wa poinsetia ambao upande wa giza umeiva wekundu na tawi linaloelekea taa ya ulinzi limebaki kijani.

Namalizia na okidi, kwa kuwa wakazi wa Dar es Salaam wananitumia picha zake kila wiki. Okidi aina ya Phalaenopsis huishi vizuri kwa mikromoli 100 hadi 150, na taa ile ile ya saintpaulia inaifaa. Lakini ikikaa kwenye joto la nyuzi 28 na kuendelea, mchana na usiku, huendelea kuota majani na mizizi bila kutoa shina la maua. Hakuna spektra itakayorekebisha hilo. Mwenye okidi Dar es Salaam aipeleke kwa ndugu aliyeko Lushoto au Njombe ikae miezi miwili kwenye ubaridi, kisha airudishe chini ya taa yake wakati shina limeshachomoza.