KAMARI MIONGONI MWA VIJANA WA VISIWANI NA MIALONI

Maelezo ya mazungumzo kwa viongozi wa vijiji, wazazi na wamiliki wa vyombo vya uvuvi, ukanda wa Ziwa Victoria, Mwanza

Mazungumzo haya yanahusu swali moja: kamari imeenea kwa kiasi gani miongoni mwa vijana wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, pamoja na mialo ya ng'ambo kama Kayenze, Igombe na Kirumba? Swali hili hujibiwa kwa namna mbili zisizosaidia. Wapo wasemao kwamba vijana wote wamekwisha haribika. Wapo pia wasemao kwamba huo ni mchezo tu, kama bao na drafti. Majibu yote mawili humwondolea msemaji wajibu. La kwanza limekata tamaa, na la pili halioni jambo la kushughulikia.

Mwaka 2017 kampuni ya GeoPoll iliwauliza kwa njia ya simu vijana wa umri wa miaka 17 hadi 35 katika nchi kadhaa za Afrika. Nchini Kenya vijana 76 katika kila 100 walijibu kwamba wamewahi kucheza kamari. Nchini Uganda walikuwa 57 katika kila 100. Tarakimu hizo ni kubwa, lakini hazina budi kusomwa kwa uangalifu. Walioulizwa ni wenye simu, na kuwahi kucheza si sawa na kucheza kila siku. Kijana aliyeweka shilingi 500 mara moja katika maisha yake, na yule aliyeuza nyavu ili acheze, wote huhesabiwa sawa. Kwa hiyo kijiji kinachotaka kujua ukubwa wa jambo hili kisiishie kuhesabu vichwa. Kiulize fedha ya kijana hupita wapi tangu inapotoka mkononi mwa tajiri wa mtumbwi hadi inapofika nyumbani kwake.

Kamari yenyewe si ngeni. Wazee wanaijua karata ya fedha na ile hila ya sokoni iitwayo pata potea. Serikali nayo iliweka taratibu tangu zamani. Palikuwapo sheria ya mwaka 1967 kuhusu michezo hiyo na bahati nasibu, na mwaka 1974 ikatungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ili itoe leseni na kusimamia. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu ambaye hajatimiza miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kilichobadilika ni umbali. Hapo kale mchezaji alimfuata mchezeshaji, akaonwa na majirani akienda na akirudi. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, ilifungua njia ambayo baadaye kamari nayo iliipita. Sasa kijana aweza kubeti akiwa kitandani au akiwa juu ya mtumbwi unaongoja kupakuliwa, bila mzazi wala jirani kujua. Mwaka 2017 jina la kampuni ya kubeti likaonekana kifuani mwa jezi za Simba na Yanga, na kamari ikavaa vazi la mapenzi ya mpira. Aidha, mashine za sarafu ambazo vijana huziita dubwi zimesogea hadi karibu na maduka, mahali ambapo mtoto hutumwa chumvi na kiberiti.

Hata hivyo, sababu kubwa ya visiwani haimo katika simu wala katika mashine. Imo katika mwezi. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa kuwa dagaa huvutwa na mwanga wa taa usiku. Mwezi unapokaribia kujaa, taa hupoteza nguvu na vyombo hukaa ufukoni siku kadhaa. Siku hizo za mbalamwezi ndizo ambazo hesabu hufanywa, gharama za mafuta na vifaa hutolewa, na kila mvuvi hupewa mgawo wake. Kijana aliyekesha ziwani kwa majuma hupokea fedha yote kwa mkupuo mmoja, wakati huohuo hana kazi, nyumbani kwao ni mbali, na benki iko ng'ambo ya maji. Fedha nyingi, muda mwingi na mahali pachache pa kwenda, mambo hayo matatu yakikutana, kamari haihitaji kutangazwa.

Hasara yake haiishii mfukoni. Kijana aliyemaliza mgawo wake kabla giza halijarudi hulazimika kukopa chakula kwa mwenye chombo. Giza likirudi, huingia ziwani akiwa mdaiwa. Mdaiwa hana sauti. Akiona mtumbwi unavuja, ataingia. Akiona upepo wa kusi umechafua maji, ataingia. Akinyimwa haki yake katika mgawo, atanyamaza. Hivyo fedha iliyopotea kwenye karata au kwenye simu huweza kumgharimu mtu uhuru wake wa kusema hapana mbele ya ziwa lisilo na huruma.

Wapo vijana wanaoamini kwamba ujuzi wa mpira utawapa ushindi. Inafaa waelezwe hesabu ilivyo. Mechi moja ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa au kutoka sare. Anayebahatisha mechi 10 katika mkeka mmoja ana nafasi moja katika 59,049. Hata kama ni mjuzi kiasi cha kupatia nusu ya mechi zote anazozitabiri, nafasi ya kuzipatia zote 10 kwa pamoja ni moja katika 1,024. Kwa mashine, tuseme inarudisha wastani wa shilingi 90 katika kila 100. Mchezaji akiingiza shilingi 1,000 na kuzizungusha mara 10, wastani wa kinachobaki ni shilingi 349 hivi. Mashine haikumwibia; imefanya kazi iliyotengenezewa. Kwa upande mwingine, anayeweka kando shilingi 1,000 kila siku kwa siku 300 anazo shilingi 300,000, na hiyo ni hesabu isiyotegemea bahati. Haba na haba hujaza kibaba.

Ni vema pia ifahamike kwamba wapo ambao hawawezi kuacha hata wakitaka. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mtu wa aina hiyo hasaidiwi na matusi wala kipigo. Apelekwe kwa mganga wa zahanati au kituo cha afya, naye ataelekezwa mahali pa kupata ushauri.

Majirani wa ziwa hili nao wamechukua hatua. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Kenya mwaka 2019 ilizifungia leseni kampuni nyingi za kubeti. Hatua hizo za kitaifa zina nafasi yake, lakini hakuna sheria ya mji mkuu inayoweza kukaa mwaloni usiku wa mbalamwezi. Wanaokaa hapo ni wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo wanashauriwa kama ifuatavyo:

(a) Serikali ya kijiji ihesabu mashine zote za kamari zilizomo kijijini na kutaka kila mwenye mashine aonyeshe leseni ya Bodi. Isiyo na leseni itolewe taarifa polisi.

(b) Mwenye duka au kibanda asimruhusu mtoto kucheza, hata akija na fedha yake aliyoipata kwa kuanika dagaa. Fedha ya mtoto haimwongezei umri.

(c) Matajiri wa vyombo wakubaliane na wavuvi wao, kwa hiari na mbele ya mashahidi, kugawa malipo mara mbili au tatu badala ya mkupuo mmoja, na sehemu ipelekwe moja kwa moja kwa familia ya mvuvi aliye mbali na kwao.

(d) Vikundi vya kuweka na kukopa vifanye mikutano yake siku za mbalamwezi, mara tu hesabu inapokamilika, ili sanduku la akiba limfikie kijana kabla ya karata. Vijana walio katika vikundi vilivyosajiliwa wakumbuke kwamba sheria, tangu mwaka 2018, imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana.

(e) Mahali palipo na tatizo sugu, halmashauri ya kijiji itumie uwezo wake chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 kupendekeza sheria ndogo, ikajadiliwe katika mkutano mkuu wa kijiji na kupelekwa wilayani kwa idhini.

(f) Wazazi wazungumze na watoto wao mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Ndugu Wananchi, jibu la swali la mwanzo halitatoka mbali. Kila mwalo unaweza kulipata kwa mzunguko mmoja wa mwezi, kwa kuangalia ni vijana wangapi waliopokea mgawo, na ni wangapi kati yao waliorudi ziwani bila deni. Idadi hiyo ya pili ikiongezeka mwezi hadi mwezi, kijiji kitajua kwamba kamari inapungua. Isipoongezeka, viongozi na wazazi wa mwalo huo hawatakuwa na sababu ya kusema kwamba hawakujua.