Land Rover Kuukuu na Mota ya Umeme
Mazungumzo ya ofisa wa kawi na madereva na mafundi wa magari, Modogashe



Tangu asubuhi naulizwa swali moja: ile Land Rover kuukuu, injini imekufa lakini chasi ni nzima, yaweza kutiwa umeme? Yaweza. Opibus, kampuni ya Nairobi iliyoanza 2017, ilitoa injini za dizeli kwenye magari ya kitalii ikaweka mota na betri. Kule Maasai Mara, magari ya namna hii huenda polepole, bila kelele ya kushtua wanyama, na jioni hurudi kambini kwenye paneli za jua. Shikeni hapo: jioni hurudi. Baadaye kampuni hiyo, inayoitwa Roam tangu 2022, ilielekeza nguvu kwenye pikipiki na mabasi.

Sasa tupige hesabu yetu. Tuseme gari linakwenda kilomita 3 kwa uniti moja ya umeme kwenye lami. Mchangani ni pungufu. Betri ya uniti 30 itakupa kilomita 90. Garissa mjini ni zaidi ya kilomita 140. Utalala njiani, na umeme hauletwi kwa jerikeni. Anayetaka kubeba abiria wa Garissa, nasema wazi, asiuze ngamia anunue betri. Lakini anayepeleka maji, dawa au watoto wa shule hapa karibu kisha akarudi nyumbani, huyo tuketi naye.

Jua tunalo. Kituo cha Garissa kilichozinduliwa Desemba 2019 kina zaidi ya megawati 50, ila umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Gari lako litataka paneli zako. Paneli ya wati 400 hutoa kama uniti 2 kwa siku. Kujaza betri ile kwa siku moja zahitajika 15. Na joto letu huchakaza betri, kwa hivyo jenga kivuli kwanza.

Mafundi, mmezoea betri ya volti 12. Hizi huweza kufika volti mia kadhaa, na umeme hauna harufu ya kukuonya kama petroli. Asiyefunzwa asifungue boksi. Tena ukibadilisha injini, peleka habari NTSA logibuku irekebishwe, na bima ielezwe kabla gari halijaingia barabarani.

Mzee pale nyuma ameinua bakora kitambo. Karibu, mzee.