Tutafutane Tukiwa Hai
Mazungumzo mbele ya walimu wastaafu waliosoma pamoja Beit el-Ras, Unguja

 

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena. Wengine mmekuja na mikongojo, wengine mmeletwa na wajukuu, na wapo walioshuka daladala pale Darajani wakapumzika barazani mara mbili kabla ya kufika. Ahsanteni waliotutafutia chumba cha chini. Ngazi za Mji Mkongwe si za umri wetu tena.

Tangu mkutano uliopita tumeondokewa na wenzetu wanne. Wawili wamezikwa hapa Unguja, mmoja Pemba, mmoja Muscat. Majina yao yamesomwa na dua imeombwa. Tunalotaka kulizungumza ni namna habari zilivyotufikia. Ya Muscat tuliipata baada ya miezi mitatu, kwa mgeni aliyekuja harusini. Ya Makunduchi, kisiwani humu humu, ilitufikia khitma imeshasomwa. Mjane wake anasema siku za mwisho marehemu alikuwa akitutaja mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita rejista.

Kutawanyika kwetu kulianza mapema. Baada ya Mapinduzi ya 1964 chuo chetu kilipewa jina la Nkrumah. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo ikatangazwa elimu bila malipo. Skuli zikajaa watoto, na walimu wengi walikuwa wameshaondoka nchini. Ndiyo maana sisi tulioingia chuoni mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wadogo kabisa, tulipomaliza tu tulipelekwa Mkokotoni, Chwaka, Kizimkazi na hadi Micheweni. Baadaye wengine wakavuka kwenda Dar es Salaam, Ghuba na Uingereza, kwa masomo, kwa riziki, au kwa sababu ambazo zama zile hazikusemwa kwa sauti. Leo majengo yetu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wanafunzi wa pale hawatujui.

Kazi yetu imetoa wakubwa. Mzee Aboud Jumbe, Mzee Ali Hassan Mwinyi na Mzee Idris Abdul Wakil, marais watatu waliofuatana Zanzibar, wote walikuwa walimu. Mzee Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, habari ilienea nchi nzima usiku uleule, na akazikwa kwao Mangapwani. Mwalimu wa kawaida naye husomewa tanzia yake redioni. Lakini tangazo la redio humsubiri mtu afe. Kwamba fulani anaumwa, haoni, au amebaki peke yake nyumbani, hilo halitangazwi.

Tena kuna suala la karatasi. Mjane mmoja kati ya hao anafuatilia mafao ya mumewe, na anaulizwa mwaka alioanza kazi. Barua ya ajira imeliwa na mchwa. Waliopangiwa naye skuli moja wamo chumbani humu, na ushahidi wao una thamani. Hali kadhalika Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na kuendelea: mzee asiye na cheti cha kuzaliwa anahitaji mtu wa kusimama naye mbele ya sheha.

Si vilio vitupu, lakini. Mwenzetu wa Bububu amepasuliwa mtoto wa jicho na anasoma gazeti bila msaada, ingawa analalamika kuwa sasa anatuona tulivyozeeka.

Daftari lipo mezani. Andikeni jina, shehia, na simu ya mtoto anayekaa nanyi, kwani simu zetu wenyewe hazina chaji kila siku. Mwenye habari ya mwenzetu aliyeko Pemba au ng'ambo naye aandikishe. Tutalifunga adhuhuri ikiadhiniwa, na kesho watu wawili watakwenda Makunduchi kwa mjane. Mwenye nafasi kwenye gari yake aseme.