Mtoto Asiyefuata kwa Macho: Kabla ya Kununua Dawa ya Matone

Sisi tunaosimamia ubora wa dawa tumezoea kuzungumza nanyi juu ya tarehe za mwisho wa matumizi. Leo tumekuja na ugonjwa adimu, ambao hata hivyo waweza kupita mbele ya muuza dawa usitambuliwe.

Ugonjwa huo wa kurithi huitwa ostiopetrosisi. Daktari Mjerumani, Heinrich Albers-Schönberg, aliueleza mwaka 1904 kwa picha za eksirei. Mifupa yetu hujengwa na kubomolewa maisha yote. Kwa mtoto huyu, chembe zinazobomoa hazifanyi kazi ipasavyo. Mfupa huzidi kuwa mnene, nao huvunjika upesi kama chaki. Katika fuvu, tundu linalopitisha neva ya jicho husongwa, neva ikabanwa, uoni ukafifia, pengine katika miezi ya mwanzo ya maisha. Katika aina kali, uloto nao hukosa nafasi, mtoto akapungukiwa damu.

Mzazi haoni hayo yote. Huona macho yanayochezacheza, au mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso wa mama yake, ilhali jicho kwa nje ni safi. Ndipo huenda dukani akanunua matone. Matone hayawezi kuipanulia neva njia ndani ya mfupa. Baadhi yana steroidi, ambayo ikitumiwa bila vipimo yaweza kupandisha shinikizo la jicho. Vidonge vya kalsiamu navyo msimpe pasipo agizo la daktari aliyempima damu. Kwetu sisi, hasara kubwa si fedha, ni wiki zinazopotea: neva ikishakufa hairudi.

Hakuna aliyerogwa. Katika aina kali, kwa kawaida baba na mama wote wamebeba chembe za urithi zenye kasoro bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4.

Anzeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hapa Musoma. Ikibidi, ombeni rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Baadhi ya aina kali hutibiwa kwa kupandikiza uloto, ingawa uoni uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi. Chukueni kadi ya kliniki, pamoja na chupa ya dawa yoyote mliyokwisha kumtia mtoto, hata ikiwa tupu, daktari aisome.