Mchanga Una Kwao



Mezani hapa nina visahani viwili vya mchanga. Kimoja kimetoka Jambiani, mashariki ya Unguja. Kingine Kunduchi, Dar es Salaam. Nakamulia ndimu. Wa Jambiani unachemka na kutoa povu. Wa Kunduchi umetulia, ila vipovu vichache penye vipande vya makombe. Povu hilo ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye chokaa asidi inapoigusa. Mtihani huu hauna gharama, na ukishaufanya huwezi tena kusema fukwe zote ni kitu kimoja.

Mashariki ya Unguja hakuna mto mkubwa wa kuleta mchanga. Mchanga wote ule mweupe umetengenezwa na viumbe hai papo hapo. Chukua kioo cha kukuzia utazame: vipande vya matumbawe, vya makombe, magamba ya foraminifera, ambao ni viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba za chokaa. Kuna pia mwani uitwao Halimeda (si ule wanaolima akina mama wa Paje) ambao mwili wake hujaa chokaa ukiwa hai, na ukifa huvunjika vipandevipande. Halafu yupo samaki aitwaye pono. Meno yake yameungana yakawa mdomo mgumu. Anaguguna mwamba akitafuta mwani mwembamba ulioota juu yake, anasaga mawe kooni, anachukua riziki yake na kuyatoa mabaki yakiwa mchanga. Pono mkubwa mmoja hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Wageni wanaotandika kanga zao juu ya mchanga huo huwa siwaelezi.

Kwa hiyo anayemaliza pono, au anayevunja mwamba kwa nyavu za kukokota na baruti, anapunguza ufukwe pia. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya ukanda wetu yalipauka na kufa. Mwamba uliokufa hutoa mchanga kwa muda, kwa kuwa unabomoka. Baadaye huisha, na hakuna mpya unaojengwa.

Mchanga wa kule kwingine, wa Kunduchi na wa Malindi nchini Kenya, asili yake ni bara. Mvua inamomonyoa miamba na udongo, mto unabeba. Mfano ninaoupenda zaidi ni ule mto wenye majina matatu: unaitwa Athi huko juu, ukishuka unakuwa Galana, na unapoingia baharini kaskazini ya Malindi ni Sabaki. Msimu wa mvua ghuba nzima inageuka rangi ya chai ya maziwa. Je, ilikuwa hivyo siku zote? Jibu lilipatikana ndani ya tumbawe. Matumbawe ya aina ya Porites huongezeka sentimita moja hivi kwa mwaka, na kila mwaka huacha mstari wake. Udongo wa mto hubeba bariamu, na tumbawe huihifadhi ndani ya chokaa yake. Watafiti walitoboa tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi, na mwaka 2007 wakachapisha walichokikuta: bariamu ilipanda sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba, mifugo na ukoloni vilipobadilisha matumizi ya ardhi bara. Historia ya Ukambani, mto huo unakopita, imeandikwa chini ya maji Malindi.

Tope jingi hufunika matumbawe na kuyazibia mwanga. Lakini kukosa mchanga nako ni balaa, na hapa ndipo hesabu ya ufukwe inapofanana na ya duka: kuna kinachoingia na kinachotoka. Wakati wa kusi mawimbi yanausukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma, sehemu yake inarudishwa. Bamvua ikija na upepo mkali, mwingine unavutwa kwenda nje. Na kwetu nje si mbali. Ukanda wa maji ya kina kifupi ni mwembamba, pengine kilomita chache tu, kisha sakafu inaporomoka. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Mchanga ukidondokea huko haurudi.

Kule chini kabisa, kupita mita 4,500 hivi, hata magamba ya chokaa yanayonyesha kutoka juu huyeyuka, kwa sababu ya baridi, shinikizo la maji na kaboni dioksidi iliyolimbikizana. Hubaki udongo mwekundu unaoongezeka milimita chache kwa miaka 1,000. Kemia hiyo ni ndugu ya ndimu yangu. Moshi wa viwanda na magari umeshushia maji ya juu pH kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, badiliko linaloonekana dogo, ilhali asidi imeongezeka kwa karibu asilimia 30. Wajenzi wa chokaa wanafanya kazi kwa taabu zaidi.

Turudi Kunduchi. Tangu miaka ya 1970 bahari imekuwa ikila ardhi pale, na kila mwenye kiwanja hujenga ukuta wake. Ukuta mbele ya barabara kuu nauelewa. Ukuta mbele ya kila nyumba huhamishia tatizo kwa jirani, maana mawimbi yakigonga hukomba mchanga wa miguuni pake. Wakati huohuo malori yamekuwa yakichota mchanga kwenye vijito vya Tegeta na Mbezi, ule uleule uliokuwa njiani kuja ufukweni. Rufiji nako Bwawa la Julius Nyerere limekaa kati ya milima na delta; maji yanapita kwenye mitambo, mchanga mzito unatuama nyuma ya ukuta. Naiomba serikali ianze sasa kupima mashapo yanayofika kwenye mikoko ya Rufiji, kila msimu, na takwimu ziwekwe wazi. Na mhandisi atakayeitwa kunusuru ufukwe, kabla hajachora ukuta, aanze na ndimu: ikitoa povu, aende mwambani, isipotoa, apande mtoni akahesabu malori.